Matangazo ya Kitapeli Katika Barua Pepe: Tumuulize na Aliyepokea Malipo

Kila mtu anapotapeliwa mtandaoni, swali la kwanza analoulizwa, nyumbani na hata kituo cha polisi, ni hili: "Sasa wewe ulibonyeza ya nini?" Ni sawa na kumuuliza mgonjwa aliyeuziwa dawa bandia kwa nini aliimeza. Nimelisikia swali hilo Dar es Salaam, nimelisikia Babati, na nimelisikia Gendabi, likitoka kinywani mwa mzee mwenye huruma ambaye hakuwa na nia ya kumuumiza kijana wake. Katika makala haya ninataka kulihamisha: litoke kwa aliyebonyeza, liende kwa aliyeuza nafasi ya kubonyezwa.

Gendabi ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, chini ya Mlima Hanang na jirani na mji mdogo wa Katesh. Watanzania wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza baada ya Jumapili ya Desemba 3, 2023, siku ambayo tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani na kuua zaidi ya watu 80 katika eneo la Katesh na vijiji vya jirani. Ninaitaja siku hiyo kwa sababu inatusaidia kuelewa barua pepe ni kitu gani katika maisha ya mtu wa kawaida wa huko. Cheti cha kidato cha nne kilichokuwa ndani ya sanduku la bati kilikwenda na tope. Nakala ya cheti hicho iliyokuwa imetumwa kwa barua pepe siku ya kuomba chuo haikuweza kusombwa.

Wasomi wa mjini huiona barua pepe kuwa kitu cha ofisini, kilichopitwa na wakati na kuzidiwa na WhatsApp. Huo ni mtazamo wa mtu mwenye namna nyingi za kujitambulisha. Kijana aliyemaliza chuo na kurudi Gendabi kusubiri ajira anaihitaji barua pepe ili afungue akaunti ya Ajira Portal. Alipoomba mkopo wa elimu ya juu aliihitaji. Akitaka kusajili jina la biashara BRELA ataihitaji, na akisahau nywila ya mfumo wowote kati ya hiyo, kiungo cha kuweka nywila mpya hutumwa hukohuko. Anayeimiliki barua pepe ya mtu amemiliki ufunguo wa nyumba yake yote ya kidijitali, pamoja na sanduku la bati lililomo ndani.

Tuangalie sasa jinsi nyumba hiyo inavyopangishwa kwa wapita njia.

Huduma kubwa za barua pepe za bure, yaani Gmail, Yahoo Mail na Outlook, huwalipia watumiaji wake gharama kwa njia ya matangazo. Hilo si siri, na peke yake si kosa. Zamani matangazo hayo yalikaa pembeni ya ukurasa, yakiwa na picha na rangi, nawe ulijua kuwa ni matangazo kama unavyojua bango la soda ukutani mwa duka. Polepole yamehamia ndani ya orodha ya barua. Leo tangazo la Yahoo Mail au Outlook ya bure hukaa juu ya barua zako likiwa na umbo la barua: jina kama la mtumaji, kisha kichwa cha habari, kisha maneno machache ya kuonjesha. Katika Gmail hujitokeza kwenye visanduku vya ofa na mitandao ya kijamii. Kinachoyatofautisha na barua halisi ni neno moja dogo, mara nyingi la Kiingereza na la rangi hafifu, lenye maana kwamba ujumbe huo umelipiwa. Kwenye kioo cha simu kilichopasuka, saa sita mchana, uani Katesh, neno hilo halionekani.

Zingatia tofauti iliyopo hapa, maana ndiyo kiini cha hoja yangu. Barua ya kitapeli inayotumwa na mhalifu kutoka nje hukutana na kichujio. Kampuni za barua pepe hujisifu, kwa haki kabisa, kwamba huzuia nyingi mno kabla hazijakufikia. Lakini tangazo halipiti kwenye kichujio hicho, kwa kuwa halikutumwa kwako na mtu wa nje. Limewekwa na mwenye posta mwenyewe. Wenye umri wangu mtakumbuka enzi za S.L.P., ambapo kijiji kizima kilitumia sanduku la shule au la parokia. Fikirini postamasta ambaye, kwa malipo, anachomeka barua ya tapeli juu ya barua za wanakijiji, akiipamba kwa bahasha inayofanana na zao. Siku ya fedheha, je, tungemkaripia mwanakijiji kwa kuifungua bahasha?

Kijana mmoja wa Gendabi, mhitimu wa shahada ya kwanza, alinieleza yaliyompata. Alikwenda steshenari kuangalia kama ameitwa kwenye usaili. Juu kabisa ya orodha ya barua alikuta mstari unaosema kwamba maombi ya kazi Kanada yamefunguliwa, viza na nauli ni juu ya mwajiri. Alibonyeza. Alipelekwa kwenye ukurasa nadhifu wenye bendera na fomu. Akajaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Baada ya hapo akapewa namba ya simu ya hapahapa nchini ili atume "ada ya kufungua faili". Alituma shilingi 35,000, fedha ya kuku wa mama yake. Siku mbili baadaye wakadai nyingine, na hapo ndipo aliposhtuka.

Niruhusiwe neno moja la kando. Kanada si jina geni Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa nchi hiyo, Shirika la NAFCO lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, na wafugaji wa Kibarbaig wakapoteza malisho waliyoyategemea. Mgogoro huo ulifika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Wazee wa huko wanajua vyema kwamba ahadi inaweza kuja kutoka mbali, ikiwa na karatasi nzuri na mihuri, na ardhi ikaondoka. Watu wanaodai kuwa wanavijiji hutapeliwa kwa sababu ya ujinga wao hawajawahi kuketi na wazee hao.

Turudi kwenye tangazo. Liliingiaje pale? Kijana wetu alipofungua ukurasa, kabla herufi hazijatulia machoni, mnada ulifanyika. Taarifa kuhusu mahali alipo, aina ya kifaa, lugha na mambo aliyoyatafuta hapo awali zilitumwa kwa wanunuzi wa matangazo. Mitambo yao ikapandisha dau. Aliyeshinda akapewa nafasi. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kati ya mwenye tangazo na mwenye ukurasa huwa kuna madalali kadhaa, kila mmoja akichukua sehemu yake, na kila mmoja akiwa na uwezo wa kusema kwamba hakumjua mteja wa mwenzake. Tapeli hulipia kwa kadi ya wizi au akaunti ya kampuni hewa. Tena hutumia ujanja unaofahamika sana katika biashara hiyo: mkaguzi wa matangazo akifungua kiungo huonyeshwa ukurasa safi wa viatu au vyakula, ila kijana wa Katesh akifungua kiungo hichohicho huonyeshwa fomu ya Kanada.

Wapo wanaodhani kwamba madhara huja tu kwa anayebonyeza. Sivyo. Mwishoni mwa Desemba 2013 na siku za kwanza za Januari 2014, matangazo yaliyosambazwa na seva za Yahoo barani Ulaya yalibeba programu hasidi. Kampuni ya usalama ya Fox-IT ya Uholanzi ilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 kwa saa walifikiwa na matangazo hayo, na kwamba kompyuta kama 27,000 kwa saa huenda ziliambukizwa. Waathirika wengi walikuwa Romania, Uingereza na Ufaransa. Hawakuhitaji kubonyeza chochote. Kuufungua ukurasa kwenye kompyuta yenye programu ya Java iliyochakaa kulitosha. Mwaka 2015 mtandao wa matangazo wa kampuni hiyohiyo ukakutwa tena na tatizo la namna hiyo. Vivinjari vya sasa vimekuwa imara zaidi, lakini kompyuta za steshenari zetu, zenye Windows ambayo haijasasishwa tangu iliponunuliwa mtumba, bado zinaishi mwaka 2013.

Halafu kuna suala la bando, ambalo silioni likijadiliwa. Tangazo hupakuliwa kwa megabaiti za msomaji. Mwanafunzi aliyenunua bando la siku ili asome barua tatu hulipia pia picha na video za tangazo asilolitaka. Likiwa la kitapeli, maana yake ni kwamba mlalahoi amemlipia tapeli nauli ya kuja kumwibia.

Serikali haijakaa kimya kabisa. TCRA imeweka namba 15040 ambayo mwananchi hupeleka namba ya tapeli, na imeendesha kampeni iliyopewa jina la "Sitapeliki". Benki Kuu, Novemba 2024, ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizokuwa na leseni. Februari 2025, polisi waliwakamata watu waliohusishwa na LBL, mpango uliowachangisha watu fedha kwa ahadi ya kuwalipa kwa kutazama matangazo ya filamu. Mwaka 2009 tulikuwa na DECI ya "kupanda na kuvuna" makanisani. Miaka 16 baadaye mavuno yaleyale yaliahidiwa kwa kutazama matangazo.

Lakini hebu lichunguzeni neno lenyewe, sitapeliki. Mimi ni mwalimu, na nina udhaifu wa kusoma viambishi. Kitenzi hicho kiko katika nafsi ya kwanza umoja. Anayesema ni mimi, raia. Anayeapa ni mimi. Na nikitapeliwa, aliyevunja kiapo ni mimi. Hakuna kampuni ndani ya kitenzi hicho, wala dalali, wala mdhibiti. Elimu kwa umma ni jambo jema nami nimeshiriki kuitoa, ila elimu inapokuwa ndiyo sera pekee hugeuka kuwa njia ya heshima ya kumtupia mzigo mwenye mabega membamba. Hata namba 15040 ilitengenezwa kwa ajili ya namba za simu za matapeli, wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tangazo halina namba ya simu. Namba huja mwishoni, fedha zikiwa njiani. Tunacho pia kitengo cha TZ-CERT kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mitandao. Waulizeni wenye steshenari wa Katesh kama wamewahi kulisikia jina hilo.

Je, sheria ipo? Ipo zaidi ya moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza ulaghai kwa njia ya kompyuta, na ina kifungu kuhusu ujumbe usioombwa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha mlaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa kusudi halali na linalojulikana. Sidhani kwamba mnada wa kasi nilioueleza hapo juu ungeweza kutetewa kirahisi mbele ya Tume inayoisimamia sheria hiyo. Kinachokosekana ni kanuni inayosema kwa maneno makavu kwamba anayepokea fedha ili kuonyesha tangazo kwa Mtanzania anao wajibu wa kumjua aliyemlipa, na kwamba asipomjua, hasara ya aliyetapeliwa ni juu yake.

Hapa ndipo uzito wetu wa ajabu unapoonekana. Mwaka 2018, kwa Kanuni za Maudhui Mtandaoni, mwananchi aliyetaka kuandika blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, na leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Wengi tuliandika kwa hofu na wengine wakanyamaza. Mwanafunzi wa Babati mwenye maoni kuhusu bei ya mahindi alitakiwa ajulikane jina, anwani na uraia. Kampuni inayoweka tangazo la kazi hewa juu ya barua za maelfu ya Watanzania haikuulizwa jina la mteja wake. Tuliogopa maoni kuliko wizi.

Wala tusiambiwe kwamba kampuni hizo ziko mbali na hazifikiki. Mamlaka ya Mapato imezifikia. Tangu Julai 2022, watoa huduma za kidijitali wasio wakazi wanatozwa kodi ya asilimia 2 ya mapato ghafi wanayoyapata hapa, mbali na kodi ya ongezeko la thamani, na utaratibu wa kujisajili kutoka hukohuko waliko uliwekwa. Nchi iliyoweza kuitafuta kampuni ughaibuni ili ichukue asilimia 2 haiwezi kushindwa kuitafuta ili imrudishie mama wa Gendabi fedha ya kuku wake. Tena, ukifikiri kwa makini, kodi hiyo hukatwa pia katika malipo ya matangazo ya kitapeli. Hazina imepata chake.

Najua wanaharakati wanaonisoma wameanza kukunja uso. Wataniuliza: unataka kuwapa wenye mamlaka rungu jingine? Wanayo sababu. Sheria ileile ya 2015 ilipitishwa kwa maelezo kwamba itatulinda dhidi ya wezi wa mtandaoni. Lakini kifungu chake cha 16, kinachohusu taarifa za uongo, kilipata umaarufu kwa kesi za watu waliomsema vibaya kiongozi, ikiwemo ya mkazi wa Arusha aliyetiwa hatiani mwaka 2016 kwa maneno ya Facebook dhidi ya Rais. Sijasahau. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kanuni ninayoitaka ishike muamala, isiguse maoni. Tangazo ni bidhaa: lina mnunuzi, muuzaji, bei na risiti. Kumtaka muuzaji atunze risiti na amtambue mnunuzi hakumhitaji waziri yeyote kuamua lipi ni kweli na lipi ni uongo. Mtu anayeandika bila kulipia asambaziwe asihusishwe kabisa. Nasi tukiacha eneo hili wazi kwa hofu ya rungu, rungu litakuja vilevile siku tapeli atakapomgusa mkubwa, na litaandikwa na watu wasiotujali.

Wengine watasema kwamba huduma ya bure lazima ilipiwe, na ukaguzi mkali utaua matangazo ya wafanyabiashara wadogo. Gazeti la Kiswahili linalopokea tangazo la kiwanja humwuliza mwenye tangazo kitambulisho, na bado linauza matangazo. Kampuni zinazoweza kujua kwamba msomaji wao ameanza kutafuta viatu vya mtoto zina akili ya kutosha kujua aliyewalipa ni nani. Tatizo ni kwamba kutomjua kuna faida. Novemba 2025 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa nyaraka za ndani za Meta zilikadiria kwamba takriban asilimia 10 ya mapato ya kampuni hiyo ya 2024 yangetokana na matangazo ya utapeli na bidhaa zilizopigwa marufuku. Kampuni ilijibu kwamba makadirio hayo yalikuwa ya juu juu na yalijumuisha mengi kupita kiasi. Tuseme ni nusu yake, au robo. Meta haitoi barua pepe, lakini soko ni moja na kanuni zake ni zilezile.

Nchi nyingine zimeanza. Sheria ya Usalama Mtandaoni ya Uingereza ya 2023 inayatwika majukwaa makubwa wajibu kuhusu matangazo ya kitapeli yaliyolipiwa. Australia ilipitisha mfumo wake wa kuzuia utapeli mwaka 2025, ukizigusa benki, kampuni za simu na majukwaa ya kidijitali kwa pamoja. Tanzania peke yake ni soko dogo, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki si soko dogo, na utapeli wa kazi za ng'ambo haujali kama aliyebonyeza yuko Katesh, Kisumu au Bukavu.

Kwa watumishi wa umma nina neno la peke yake. Serikali, kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, inao mfumo wake wa barua pepe, na anwani zake huishia na go.tz. Humo hakuna mnada wala tangazo. Hata hivyo bado tunakutana na matangazo ya ofisi za umma, yenye nembo ya taifa na muhuri, ambayo chini yake pameandikwa anwani ya Yahoo au Gmail. Ndugu zangu, madhara ya jambo hilo ni makubwa kuliko mnavyodhani. Kila mara ofisi ya halmashauri inapomwandikia mwananchi kutoka anwani ya bure, inamfundisha kwamba Serikali inaweza kuzungumza kutoka popote. Tapeli akija kesho na anwani ya aina hiyo, akitumia jina la mkurugenzi, mwananchi atakuwa amekwisha kufundishwa kumwamini. Na barua za wananchi zinazoingia kwenye anwani hizo husomwa chini ya kivuli cha matangazo yaleyale, kwenye kompyuta yenye majalada ya ofisi.

Wakati tukisubiri kanuni, yapo ya kufanya, na hayahitaji shahada. Barua pepe ikisomwa kwa programu kama Thunderbird, badala ya ukurasa wa kampuni, matangazo ya ukurasa huo hayaonekani. Mwenye steshenari anaweza kuiweka kwenye kompyuta anayoitumia kwa kazi zake mwenyewe. Kwa wanaotumia ukurasa, kizuia matangazo ni kinga halali. Hata FBI ya Marekani, Desemba 2022, iliwashauri raia wake kukitumia ili kujihadhari na matangazo ya kitapeli kwenye injini za kutafutia. Firefox ya simu za Android hukubali kiongezi cha uBlock Origin. Chrome ya simu haikubali viongezi, na ile ya kompyuta imekiondoa hicho katika mabadiliko ya 2024 na 2025. Mwenye Chrome hutoa sababu za usalama. Ni bahati tu kwamba ndiye pia muuzaji mkubwa wa matangazo duniani.

Jambo linalowaumiza wengi bila kujua ni lile dirisha dogo linalouliza kama unaruhusu arifa. Ukikubali kwenye ukurasa mbaya, simu yako itaanza kupokea maonyo ya uongo kwamba ina virusi 13, hata kivinjari kikiwa kimefungwa, na kila onyo ni mlango wa utapeli mwingine. Dawa yake si kupakua "kisafisha virusi" kinachotangazwa hapohapo. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uifute tovuti hiyo. Wanafunzi wangu ninawasihi pia wawashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe zao, na watoke kwenye akaunti kabla hawajaondoka steshenari. Sekretarieti ya Ajira hailipishi ada ya maombi wala ya usaili.

Na aliyekwisha kutuma fedha? Apige simu kwa mtandao wake wa simu papo hapo, kabla hajamwambia hata ndugu, aombe muamala uzuiwe; asifute ujumbe wowote. Kisha aende polisi achukue RB. Afisa atamwuliza namba iliyopokea fedha, naye aitaje. Lakini asiishie hapo: aombe yaandikwe kwenye maelezo yake jina la huduma ya barua pepe iliyomwonyesha tangazo, siku na saa, pamoja na picha ya kioo kama anayo. Majalada ya makosa haya, kwa kadiri nilivyobahatika kuyaona, huwa na namba ya laini ya simu ambayo siku hiyohiyo imezimwa na kutupwa. Jina la aliyelipwa kuonyesha tangazo, lenye ofisi, wanasheria na usajili wa kodi, halimo.